Mwalimu Faith Ringgold na Mifarishi Inayosimulia

Mwaka 1950 binti mmoja wa Harlem, mtaa wa watu weusi katika mji wa New York, alikwenda City College kujiandikisha kwa nia ya kusomea uchoraji, akaambiwa kwamba shahada aliyoitaka haikuwa kwa wanawake, na kwamba mwanamke mwenye kupenda rangi na burashi angeweza kuingia katika idara ya ualimu tu, atoke huko mwalimu wa sanaa wa watoto wa shule. Binti huyo hakuitupa nia yake. Aliishika njia ya ualimu kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, akapata shahada ya kwanza mwaka 1955 na ya pili mwaka 1959, na kwa muda wa miaka 18, hadi mwaka 1973, akafundisha katika shule za serikali za mji ule. Jina lake ni Faith Ringgold, na alipofariki dunia tarehe 13 Aprili 2024, akiwa na umri wa miaka 93, vitambaa alivyovichora na kuvishona vilikuwa vimetundikwa katika majumba ya makumbusho yenye adhama kubwa Marekani na Ulaya.

Wako wanaosimulia maisha ya Bibi Ringgold kana kwamba ualimu ulikuwa kifungo na sanaa ndiyo iliyomfungua. Rai yangu ni nyingine. Mtu akiitazama mifarishi yake kwa makini, akaona jinsi kila hadithi ilivyopangwa ili hata asiyejua lolote juu ya habari ile aielewe, jinsi rangi zilivyowekwa bila woga kama watoto wazipendavyo, na jinsi mambo mazito ya ubaguzi na ufukara yalivyotamkwa kwa ulimi wa msichana wa miaka minane, atatambua kwamba mikono iliyoifanya kazi ile ni ya mtu aliyesimama mbele ya watoto kwa miaka mingi, akajifunza kwao namna ya kusema jambo gumu kwa maneno mepesi pasipo kulipunguzia uzito wake.

Mfarishi, kwa wasomaji ambao hawajapata kuuona ukishonwa, ni tandiko au shuka nzito ya kujifunikia yenye tabaka tatu: juu huwa kitambaa kilichoungwa kwa vipande vingi vya rangi mbalimbali, chini huwa bitana, na katikati hutiwa pamba au sufi. Tabaka hizo hupigwa bandi kwanza zisihame, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopenya toka juu hadi chini, na mishono hiyo ndiyo inayochora nakshi juu ya mfarishi wote. Katika nchi za baridi nyumba nyingi zimekihitaji kitu hiki. Mafukara waliushona kwa nguo zilizochakaa na magunia ya unga, na mara nyingi majirani wanawake walikutanika nyumbani kwa mwenzao, wakauzunguka mfarishi uliotandazwa juu ya kiunzi, kila mmoja na sindano na subana yake, wakashona huku wakipeana habari za ndoa, uzazi na misiba. Kwa sababu ilikuwa kazi ya wanawake, tena ya nyumbani, wataalamu wa sanaa hawakuihesabu kuwa sanaa. Waliiita kazi ya mikono, wakaiacha nje ya mlango wa makumbusho.

Kwa watu weusi wa Marekani kazi hii ina historia chungu. Katika zama za utumwa wanawake walishona mifarishi ya vitanda vya mabwana zao, na kwa masalio ya vitambaa wakawashonea watoto wao wenyewe. Mmoja katika wanawake hao, Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia mwaka 1837, alishona baada ya kupata uhuru wake mfarishi wenye picha za visa vya Biblia, akauonyesha mwaka 1886 katika maonyesho ya mji wa Athens, jimboni humo. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akataka kuununua, lakini mwenyewe akakataa; miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha kuuza kwa dola 5, na alipoukabidhi alieleza maana ya kila picha, naye mwalimu yule akayaandika maelezo yake yote. Powers alirudi mara kadhaa kuutazama mfarishi wake katika nyumba ya mnunuzi. Leo umo katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington, na mwingine alioushona umo katika makumbusho ya Boston. Dola 5 ni malipo ya kusikitisha kwa kazi kama ile, na bado naona kwamba daftari la mwalimu lilikuwa hidaya kubwa, maana bila ya daftari hilo leo tungekuwa na picha tu, na sauti ya aliyezishona ingekuwa imepotea.

Ringgold alitoka katika mirathi hiyo hiyo. Mama wa bibi yake mzaa bibi, Susie Shannon, alizaliwa mtumwa na kushona mifarishi kwa ajili ya wenye mashamba, na ujuzi ule ukateremka kutoka kizazi hadi kizazi mpaka ukamfikia mama yake Faith, Willi Posey, fundi wa mitindo ya nguo aliyejulikana Harlem nzima. Faith alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1930, na utotoni aliugua pumu iliyomweka nyumbani siku nyingi wakati wenzake wako shuleni. Mama yake alimpa kalamu za rangi, karatasi, vipande vya kitambaa na sindano, akamketisha karibu na cherehani, na hivyo mtoto mgonjwa akapata katika chumba kimoja elimu mbili, ya kuchora na ya kushona, ambazo zingekaa mbalimbali katika maisha yake kwa miaka mingi kabla ya kuonana.

Kwanza ilitangulia picha ya mafuta juu ya turubai. Toka mwaka 1963 hadi 1967, akifundisha mchana na kuchora katika saa zilizobaki, huku akilea mabinti wawili, alichora mfululizo wa picha 20 juu ya Wamarekani weupe na weusi wakati wa harakati za haki za raia. Ya mwisho, aliyoiita *Die*, yenye upana wa zaidi ya mita tatu na nusu, inaonyesha watu waliovaa nguo za heshima wakikimbia na kuanguka katika damu, weusi kwa weupe, na katikati watoto wawili wamekumbatiana, mmoja wa rangi hii na mmoja wa rangi ile. Alikuwa ameitazama sana *Guernica* ya Picasso, ambayo wakati huo ilikuwa New York, akajifunza kwake jinsi ghasia zinavyoweza kupangwa juu ya turubai. Kazi ile ilionyeshwa Desemba 1967. Wakubwa wa makumbusho hawakuitaka. Ringgold naye hakunyamaza: alisimama na wenzake nje ya makumbusho ya Whitney kudai wasanii weusi na wanawake wapewe nafasi, na mwaka 1970 akakamatwa kwa sababu ya maonyesho yaliyotumia bendera ya taifa kama maudhui ya sanaa.

Jambo lililoikutanisha sindano na burashi lilitokea mwaka 1972, si Harlem bali Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, ambako aliziona picha za kidini za Tibeti zilizochorwa juu ya kitambaa na kuzungushiwa pindo la hariri, picha zinazokunjwa zikachukuliwa safarini na kukunjuliwa zikatundikwa popote. Aliporejea, aliacha fremu za mbao, akachora juu ya turubai laini, na mama yake akamshonea mapindo ya vitambaa. Faida yake haikuwa ya uzuri peke yake. Turubai kubwa yenye fremu haiteremshwi ngazi na mtu mmoja wala haiingii katika gari dogo, lakini picha inayokunjwa mwanamke aweza kuitia kwapani akaenda nayo kuifundishia katika chuo chochote kinachomwita, asimngoje mume wala mchukuzi. Katika jambo hilo dogo naona uhuru mkubwa kuliko ule uliotamkwa katika hotuba nyingi za wakati ule.

Mwaka 1980 mama na binti walishona pamoja mfarishi wao wa kwanza, *Echoes of Harlem*, ambamo nyuso 30 za watu wa mtaa wao zimepangwa kati ya vipande vya kitambaa vilivyoungwa. Haukuja wa pili, kwani Willi Posey alifariki mwaka 1981. Mfiwa yeyote aliyerithi ufundi kwa mzazi wake atafahamu kwa nini Ringgold hakuiweka chini sindano baada ya msiba ule. Kazi ilikuwa ndiyo mazungumzo yao, na aliyebaki aliyaendeleza.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa ameandika habari za maisha yake, na wachapishaji wakazikataa, kwa kuwa maisha yale hayakufanana na maisha waliyoyatazamia kwa mwanamke mweusi. Hapo ndipo alipofanya uamuzi uliompa mahali pake katika historia ya sanaa: maadamu vitabu vilikataa maneno yake, angeyaandika juu ya mfarishi, na yeyote atakayeuchapisha mfarishi katika orodha ya maonyesho atalazimika kuyachapisha na maneno. Mwaka 1983 akamaliza *Who's Afraid of Aunt Jemima?*, mfarishi wenye miraba 56 ya picha na maandishi, ambamo mpishi mnene wa vibandiko vya biashara, aliyechorwa kwa miaka mingi ili watu weusi wachekwe, anageuka kuwa mwenye mali, mwenye mume na watoto, mwanamke wa akili anayesimamia biashara zake. Msomaji wa mwambao hatashangazwa na kitambaa kinachosema, kwa kuwa kanga zetu zimesema tangu enzi za bibi zetu. Tofauti ni kwamba kanga hutamka neno moja na kumwachia mwenye kusikia atafute lililo nyuma yake, ilhali mfarishi wa Ringgold huanza hadithi pembe moja na kuimaliza pembe nyingine, mkanda kwa mkanda, kama kurasa za kitabu.

Katika mifarishi yote hiyo, ninaoupenda kuliko yote ni *Tar Beach*, alioushona mwaka 1988 na ambao sasa umo katika makumbusho ya Guggenheim. Majumba ya ghorofa ya Harlem yana sakafu ya juu iliyopakwa lami, na wakati wa joto la Julai na Agosti, wakati vyumba havikaliki, familia zilipanda huko na meza, vyakula na magodoro, zikala na kupunga upepo chini ya nyota. Wasiokuwa na fedha za kwenda ufukweni walijifanyia ufukwe wao juu ya paa. Katika picha ya katikati tunawaona wazee wanne wakicheza karata mezani, vyakula viko tayari, nguo zimeanikwa kambani, na juu ya godoro wamelala watoto wawili, Cassie na mdogo wake Be Be, wakizitazama mbingu. Lakini tukiinua macho tunamwona Cassie yule yule akiruka angani juu ya daraja la George Washington.

Hadithi yenyewe, iliyoandikwa juu ya mikanda ya kitambaa pembezoni, yasimuliwa na Cassie, ambaye mwaka 1939 ana miaka minane, na alizaliwa siku lilipofunguliwa daraja lile mwaka 1931. Baba yake ni mmoja wa mafundi waliolijenga, na pia anajenga jengo jipya la chama cha wafanyakazi, lakini chama hakimpokei kwa sababu ya rangi yake, na kila kipupwe hukosa kazi, akatoka kutafuta, na mama akalia usiku. Cassie anaruka juu ya daraja ili liwe lake, na juu ya jengo lile ili ampe baba yake, na juu ya kiwanda cha aiskrimu ili familia ipate kuila kila siku. Nimeusoma mfarishi huo mara nyingi kupitia vitabu, na kila mara nasimama katika jambo hilo hilo: mtoto hakulaani chama, hakuomba huruma, wala hakutoa hotuba juu ya ubaguzi; aliruka tu akakitwaa alichonyimwa baba yake. Mtu mzima aliyeketi mezani akiandika makala juu ya dhuluma asingeweza kuipata sentensi nyepesi kama hiyo. Ilihitaji mwalimu aliyezoea kuwasikiliza watoto wa Harlem na Bronx, na kuyachukulia kwa uzito wanayoyasema.

Hadithi ya *Tar Beach* ikatolewa kuwa kitabu cha watoto mwaka 1991, na mwaka uliofuata kikapata heshima ya Caldecott, ambayo ni daraja ya juu katika picha za vitabu vya watoto Marekani, pamoja na tuzo ya Coretta Scott King kwa mchoraji. Hivyo mwandishi aliyekataliwa na wachapishaji akaja kusomwa na watoto wa shule katika nchi nzima, nao baada ya kukisoma huketi kuunga mifarishi ya karatasi na kuchora wanakotaka kuruka. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo tunu kubwa aliyoipata, ingawa orodha ya heshima zake ni ndefu: msaada wa Guggenheim mwaka 1987, shahada za heshima zaidi ya 20, uprofesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, alioushika hadi mwaka 2002, na picha za vigae zilizowekwa mwaka 1996 katika kituo cha reli ya chini cha barabara ya 125, ambamo mashujaa wa Harlem wanaruka juu ya majengo ya mtaa wao, na wasafiri huwapita asubuhi na jioni pasipo kulipa kiingilio cha makumbusho.

Kati ya mwaka 1991 na 1997 alitimiza mfululizo wa mifarishi 12 uitwao *The French Collection*, na humo akafanya jambo la ujasiri: akamchukua msichana mweusi wa kubuni, Willia Marie Simone, akampeleka Paris kujifunza sanaa, akamketisha na wachoraji wakuu wa karne ile. Katika mmoja wa mifarishi hiyo wanawake weusi mashuhuri, kina Harriet Tubman, Sojourner Truth, Rosa Parks na wenzao, wamekaa katika shamba la alizeti huko Arles wakishona mfarishi wa alizeti, na pembeni amesimama Vincent van Gogh na chombo chake cha maua, mgeni katika nchi aliyoifanya maarufu. Ringgold hakumtukana wala hakumfukuza. Alimweka pembeni, awatazame wanawake wakifanya kazi, kama wanawake walivyowekwa pembeni miaka mingi wakiwatazama wanaume.

Heshima ya wakubwa wa sanaa ilichelewa kufika, nami siwezi kuupamba ucheleweshaji huo. *Die* ilinunuliwa na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York mwaka 2016, takriban nusu karne baada ya kuchorwa. Mwaka 2019, makumbusho yale yalipofunguliwa upya, ilitundikwa katika chumba kimoja na *Les Demoiselles d'Avignon* ya Picasso. Mwaka 2022 New Museum ilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake, ya kwanza ya namna hiyo katika mji aliozaliwa tangu yale ya Studio Museum ya Harlem ya mwaka 1984, na mwaka 2023 kazi zake zikapelekwa Paris katika makumbusho ya Picasso mwenyewe. Bibi alikuwa na miaka zaidi ya 90 hayo mawili ya mwisho yalipotukia. Wataalamu waliosema kwamba mfarishi si sanaa walikuwa wameshastaafu au kufa, na hakuna aliyelazimika kueleza ni kwa nini waliiacha nje kazi ya mikono kwa muda mrefu hivyo, wala ni mafundi wangapi wa namna ya Willi Posey waliokufa bila ya majina yao kuandikwa ukutani.

Walio nyuma yake wamekuta njia imepanuka. Bisa Butler, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1973 kwa baba kutoka Ghana, alisomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Howard, na wakati akisomea shahada ya pili ya kufundisha sanaa ndipo alipoanza kushona picha za watu, akimshonea bibi yake mgonjwa mfarishi wenye sura ya bibi na babu siku ya harusi yao. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule za sekondari, Newark na kwingineko, kabla ya kuacha ualimu na kushika sindano peke yake. Na mwaka 2020 Art Institute ya Chicago ikafungua maonyesho ya mifarishi yake. Watu wake wana ukubwa wa watu halisi, na ngozi zao hazina rangi ya kahawia bali buluu, zambarau, nyekundu na manjano, vipande vya vitenge na hariri na vitambaa vya wavu vikipandishwa kimoja juu ya kimoja mpaka shavu lipate mwanga na jicho lipate uhai.

Mwaka huo huo jarida la *Time* lilichagua wanawake 100, mmoja kwa kila mwaka katika miaka 100 iliyotangulia, na kumpa kila mmoja jalada lake. Mwaka 2001 ulikuwa wa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla dunia haijamjua kwa kupanda miti, na kazi ya kumfanyia sura alipewa Butler, akaishona yote kwa kitambaa na uzi.